Mwizi wetu ameachiwa siku ya tatu: je, mtaa una haki ya kummaliza wenyewe?

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni fundi friji, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Mwezi uliopita wezi walivunja dirisha langu usiku wakachukua televisheni. Asubuhi kijana mmoja wa mtaani kwetu alionekana akiitembeza kuiuza. Tulimkamata, akapigwa mpaka akakiri, televisheni nikaibeba nikairudisha nyumbani, na yeye tukampeleka kituoni. Siku ya tatu nikamkuta kijiweni anakunywa kahawa. Sasa watu wanasema safari nyingine asipelekwe popote, kazi imalizwe palepale. Sheria inasemaje kuhusu wananchi wanaojilinda baada ya polisi kushindwa? Na je, mtu aliyerusha jiwe moja tu kati ya watu mia, naye anahesabiwa muuaji?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kuvunjiwa. Naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ni fupi na watu wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuchelewa. Ndiyo, aliyerusha jiwe moja anaweza kutiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia sawasawa na aliyemwaga petroli na aliyewasha kiberiti, na adhabu ya kosa hilo kwa mtu mzima nchini Tanzania, isipokuwa mwanamke mjamzito, ni moja tu, kunyongwa hadi kufa. Hukumu hiyo haijatekelezwa tangu miaka ya 1990, lakini anayeipata huishi gerezani akiwa nayo kichwani.

Msingi wake ni kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachozungumzia nia ya pamoja. (Namba za vifungu ninazozitaja hapa ni za toleo la mwaka 2022, ambazo wengi wetu bado tunazo kichwani.) Mtu akisikia maneno “nia ya pamoja” hudhani kwamba lazima pawe na kikao, watu wapange na kugawana kazi, kama genge linalokwenda kuvunja duka. Sivyo. Mwaka 1943 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua rufaa iliyotoka Uganda, inayojulikana kwa jina la Tabulayenka, iliyohusu watu walioitikia yowe na kumshambulia mtu aliyedaiwa kuwa mwizi mpaka akafa. Mahakama ilisema kwamba si lazima washtakiwa wawe wamekubaliana lolote kabla ya kumshambulia. Nia yao inaweza kuonekana katika kuwapo kwao pale, katika matendo yao, na katika kutojitenga kwao na kipigo kilichokuwa kikiendelea. Miaka zaidi ya themanini imepita na mahakama zetu bado zinaunukuu uamuzi huo.

Zingatia hilo la kutojitenga. Mpita njia aliyesimama kutazama tu hawi muuaji kwa kusimama, maana kuwapo peke yake hakutoshi. Lakini aliyerusha jiwe, akabaki, akaona matofali yakiongezeka na tairi likiletwa, naye hakuondoka wala hakusema neno, huyo amejiunga. Upande wa mashtaka haulazimiki kuthibitisha kwamba jiwe lake ndilo lililopasua fuvu. Hata daktari aliyechunguza mwili hawezi kujua ni lipi, na sheria haimuulizi.

Nilikuwa na mteja mmoja, fundi cherehani wa makamo, mtu mpole ambaye hata alipokuwa akieleza habari zake alikuwa akiomba radhi kwa kunichosha. Katika chumba cha kuonana na mahabusu alinionyesha kwa vidole ukubwa wa jiwe alilorusha: lilikuwa kama limau. Alikuwa ametoka dukani kwake kwa kusikia kelele za “mwizi, mwizi”, akaliokota, akarusha, akabaki pale kwa muda ambao yeye aliukadiria kuwa dakika tano. Alikaa mahabusu zaidi ya miaka mitatu kabla kesi yake haijaanza kusikilizwa. Shahidi aliyemtambua alikuwa mama mmoja wa mtaani, na jaji alipomuuliza amemjuaje katika umati ule, mama alijibu bila chuki yoyote kwamba ndiye aliyemshonea watoto wake sare za shule. Aliyeleta petroli hakuna aliyemjua jina. Mwishowe shtaka lilipunguzwa likawa la kuua bila kukusudia, akakiri, akafungwa.

Nimeona jambo hilo likijirudia mara nyingi kiasi kwamba nalichukulia kama kanuni ya kesi hizi: katika umati, anayeshikwa ni anayejulikana. Mwenye duka, fundi, mama ntilie, mjumbe, dereva wa bodaboda mwenye kijiwe chake, hao ndio mashahidi wanaoweza kuwataja kwa majina. Wageni waliopanda kipigo na kushuka nacho kama abiria wa daladala hawaonekani tena. Wewe ni fundi friji, ndugu yangu. Nusu ya mtaa umekwisha kuingia majikoni mwao.

Sasa tuje kwa huyo kijana wa kahawa, kwa kuwa naamini hasira yako iko hapo zaidi kuliko kwenye televisheni. Kuachiwa kwake siku ya tatu si lazima kuwe kumetokana na rushwa, ingawa rushwa ipo na nitaigusa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka polisi amfikishe mtuhumiwa mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, na pale isipowezekana, na kosa lenyewe likiwa si la adhabu ya kifo wala halionekani kuwa zito mno, mkuu wa kituo anaweza kumwachia kwa dhamana ili arudi siku atakayotakiwa. Kosa la wizi na la kuvunja nyumba yote mawili yana dhamana. Dhamana haimaanishi kuwa ameshinda kesi, wala haimaanishi kuwa kesi imefutwa. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu inasema kuwa ni marufuku kwa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia, na dhamana ni utekelezaji wa maneno hayo: anasubiri kesi akiwa nyumbani kwake.

Na hapa ndipo penye kinaya ambacho wateja wangu wa mahabusu hukielewa vizuri kuliko mimi. Makosa yasiyo na dhamana yameorodheshwa katika kifungu cha 148(5) cha sheria hiyohiyo. Wizi wa televisheni haumo. Mauaji yamo. Kwa hiyo mtaa unaoamua kumuua mwizi kwa sababu amepewa dhamana unabadilisha kosa lenye dhamana kwa kosa lisilo na dhamana, na wanaoingia ndani ni wenye mtaa. Kesi ya wizi ingeweza kusikilizwa na hakimu katika mahakama ya karibu. Kesi ya mauaji husubiri upelelezi, kisha hupitia hatua ya kuhamishiwa Mahakama Kuu, kisha husubiri kikao, na miaka mitatu ya fundi wangu cherehani haikuwa ya ajabu hata kidogo.

Kuna jambo jingine katika barua yako ambalo sikutaka lipite hivihivi. Umeandika “mwizi wetu” kana kwamba hilo limekwisha. Inawezekana kabisa kwamba ni yeye. Lakini neno “mwizi” hutamkwa kabla ya ushahidi, na likishatamkwa hakuna anayelirudisha mdomoni. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, wafanyakazi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian cha Arusha waliuawa na kuchomwa moto na wanakijiji waliodhani kuwa ni wanyonya damu, mumiani wa hadithi za bibi zetu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Hapo hapakuwa na mwizi wala kitu kilichoibwa. Palikuwa na gari geni na yowe.

Utaniambia kwamba hao walikuwa wanakijiji wenye hofu, na kwamba watu waliosomea kazi hawakosei namna hiyo. Mwezi Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi wa Dar es Salaam, waliuawa na polisi katika msitu wa Pande, na umma ukatangaziwa kwamba walikuwa majambazi waliokufa katika mapambano. Tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka Musa ikachunguza na kubaini kuwa hawakuwa majambazi. Ikiwa watu wenye mafunzo, silaha, vyeo na nafasi ya kuhoji waliweza kuitwa mbele ya tume kwa kosa kama hilo, mimi sioni kijiwe cha kahawa kitapata wapi uhakika mkubwa zaidi ndani ya dakika kumi.

Hata hivyo sitaki ubaki na dhana kwamba sheria inawataka wananchi wakunje mikono. Sheria imewapa uwezo ambao wengi hawaujui, nao una mipaka yake. Chini ya kifungu cha 16 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, raia wa kawaida anaweza kumkamata mtu anayetenda mbele yake makosa yaliyotajwa na sheria hiyo, na mwenye mali au mtu aliyeagizwa naye anaweza kumkamata anayemkuta akiharibu mali hiyo. Kifungu cha 31 kinamtaka aliyemkamata amkabidhi kwa polisi, au ampeleke kituo kilicho karibu, bila kuchelewa pasipo sababu. Nguvu inayoruhusiwa ni ile ya kumzuia asitoroke. Mkimfunga kamba mikono akakaa chini, ruhusa ya kumgusa imekwisha. Kofi linalofuata baada ya hapo ni shambulio, na anayelipiga anaweza kushtakiwa hata kama aliyepigwa ni mwizi kweli na amefungwa kwa wizi huo.

Kujitetea ni habari nyingine kabisa. Mtu akiingia ndani kwako usiku na panga, nawe ukampiga kwa chochote kilicho karibu ili kuokoa maisha yako au ya watoto wako, Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 18 na vinavyokifuata, inakulinda, ilimradi nguvu uliyotumia inalingana na hatari iliyokuwa mbele yako. Kipimo cha mahakama ni hatari ya wakati ule. Panga likianguka na mtu akakimbia, nanyi mkamfukuza mitaa mitatu hadi mkamfikia, hatari imebaki nyuma mlangoni kwako na mlichokwenda nacho mitaa mitatu ni kisasi. Vilevile kile kinachoitwa ghadhabu ya ghafla, ambacho kinaweza kushusha kosa la mauaji likawa la kuua bila kukusudia, kinamfaa kwa shida mtu aliyekuja mbio kwa kusikia kelele za jirani, kwa sababu si yeye aliyetendewa jambo la kumtia ghadhabu.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo nadhani swali lako lilipostahili kuwa tangu mwanzo. Umeuliza kwa nini polisi walishindwa. Mimi nikisoma maelezo yako naona kesi yako ilipata majeraha matatu kabla haijafika kituoni, na yote matatu yalitokea mikononi mwa watu waliokuwa upande wako.

La kwanza ni kukiri kwake. “Akapigwa mpaka akakiri.” Maneno ya mtu anayepigwa hayana thamani mahakamani. Sheria ya Ushahidi inataka kukiri kuwe kwa hiari, na mahakama imekuwa ikisema mara kwa mara kwamba hata kukiri kwa mdomo mbele ya raia kunaweza kupokelewa ikiwa aliyekiri alikuwa huru wakati anasema. Kijana huyo, kama angeketishwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa bila kuguswa, akaulizwa televisheni ameipata wapi, akajibu kwa kinywa chake, mwenyekiti angekuwa shahidi mzuri sana. Mlipompiga mliyafuta maneno yake. Mlifanya na jambo baya zaidi: mlimpa jambo la kumwonyesha hakimu, yaani uso uliovimba na fomu ya PF3 ya matibabu, na macho yote yakahama kutoka dirisha lako lililovunjwa yakaenda kwenye jicho lake.

La pili ni televisheni yenyewe. Uliibeba ukairudisha nyumbani, na nakuelewa, watoto walitaka kutazama. Lakini ile haikuwa televisheni tu tena. Ilikuwa kielelezo, yaani kitu cha kuonyeshwa mahakamani kama ushahidi, pengine kielelezo pekee kilichomuunganisha kijana huyo na dirisha lako. Mtu akikutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita na asiweze kueleza vizuri ameipata wapi, mahakama inaweza kumhesabu kuwa ndiye mwizi. Ni kanuni yenye nguvu kubwa na imewafunga wengi. Lakini ili ifanye kazi ni lazima mali ikutwe kwake kweli, mtu aeleze mnyororo mzima wa ilikotoka mkononi mwake hadi mahakamani, na mwenye mali aitambue kwa alama yake maalumu. Polisi wakiichukua huandika hati ya kukamata mali, mtuhumiwa na mashahidi wakatia saini. Katika kesi yako televisheni haikufika kituoni, hati haikuandikwa, na leo wakili wa kijana yule anaweza kusimama akauliza swali moja, “Iko wapi?”, nawe ukajibu kuwa iko sebuleni kwako, ambako ilikuwa siku zote. Ungekuwa wewe hakimu, ungefanya nini?

Hata ingefika mahakamani, “hii ni yangu” haitoshi. Televisheni za aina moja ziko maelfu madukani. Mwenye mali hutakiwa kueleza alama zake kabla hajaonyeshwa: namba iliyo nyuma, ufa wa kona ya chini, stika aliyobandika mtoto, risiti ya dukani. Ninawashauri wateja wangu wote waandike namba hizo kwenye daftari na kupiga picha vyombo vya ndani kwa simu, kazi ya nusu saa siku ya Jumapili, na hawafanyi.

La tatu ni mashahidi. Umeniambia alionekana akiitembeza kuiuza, lakini hukuniambia ni nani aliyemwona. Huyo “aliyeonekana na nani” ndiye kesi. Katika wizi wa usiku suala la utambuzi ni gumu zaidi. Tangu uamuzi wa mwaka 1980 katika rufaa ya mtu aliyeitwa Waziri Amani, Mahakama ya Rufani inataka ijue shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa aina gani, kulikuwa na kizuizi chochote, na kama alikuwa akimfahamu kabla. Mtu akija miezi sita baadaye akasema “nilimwona kwa mwanga wa taa” bila kueleza taa gani na ilikuwa wapi, ushahidi wake hauendi mbali. Na katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, lililoripotiwa mwaka 2002, Mahakama hiyohiyo ilisema kwamba shahidi kuweza kumtaja mtuhumiwa mapema kabisa anapopata nafasi ni jambo muhimu linalotia nguvu ushahidi wake, na vivyo hivyo kuchelewa kumtaja bila sababu kunapaswa kuitia mahakama shaka. Maana yake kwako ni rahisi: jina ulilolijua usiku ule ulipaswa kulisema usiku uleule, kwa jirani wa kwanza na kwa polisi wa kwanza, likaandikwa katika maelezo yako.

Ninachokiona katika kesi nyingi za wizi wa mitaani ni kwamba siku ya kumkamata mwizi hukosi watu mia mbili, na siku ya kutoa ushahidi hupati wawili. Wito wa mahakama unakuja, mmoja yuko sokoni, mwingine amehama, wa tatu anaogopa ndugu wa mshtakiwa. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, mwisho hakimu anamwachia mshtakiwa kwa sababu upande wa mashtaka hauna wa kumsimamisha kizimbani. Mtaani habari inafika ikiwa fupi: mwizi ameachiwa na mahakama, kahonga.

Wengine huhonga kweli, na sitaki kuwatetea polisi kwa jambo ambalo wao wenyewe hawalikani. Malalamiko ya wananchi juu ya majalada kupotea, watuhumiwa kuachiwa kiholela na watu kuombwa fedha ili kazi iendelee yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 2023 Rais aliunda tume ya kuangalia mfumo mzima wa haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikapendekeza mageuzi makubwa, yakiwamo ya Jeshi la Polisi lenyewe. Kwa hiyo unaposema mfumo una ubovu, husemi uongo. Ninachokataa ni hatua inayofuata katika hoja yako, kwamba kwa kuwa mfumo ni mbovu, basi umati ni bora. Umati una ubovu uleule wa kutopeleleza na wa kuumiza watu ili wakiri. Kinachokosekana kwake ni rufaa tu.

Wazee wa Kanda ya Ziwa watakutajia sungusungu kama jibu, na wana haki ya kujivunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi walijipanga vijiji kwa vijiji dhidi ya wezi wa ng'ombe na majambazi, wakafanya kazi ambayo polisi wachache wa wakati ule wasingeiweza, mpaka mwaka 1989 sheria ikawatambua pamoja na mgambo. Lakini waliodumu na kuheshimiwa ni wale waliojifunza kumkamata mtu na kumkabidhi. Palipogeuka kuwa mahakama ya porini, pakaibuka vipigo, faini za kubuni na vikongwe kutuhumiwa uchawi.

Na hata serikali iliwahi kujaribu njia ya mkato. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha operesheni ya kuwasaka wahusika wa mauaji ya watu walioshukiwa uchawi. Nia ilikuwa njema. Watuhumiwa waliteswa, baadhi wakafia mikononi mwa waliowashikilia. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya vifo hivyo ingawa si yeye aliyeamuru mtu apigwe, na baadaye maofisa wa polisi na usalama walifikishwa mahakamani. Nchi hii, kwa makosa yake yote, iliwahi kukubali kwamba uhai wa mtuhumiwa una uzito wa kumwondoa waziri ofisini.

Ibara ya 14 ya Katiba imeandikwa hivi: “Kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria.” Nimekuwa nikiisoma kwa miaka mingi kabla sijaliona lile neno “jamii”. Mtunzi angeweza kuandika “serikali”, lakini hakuandika hivyo.

Turudi kwako, kwa kuwa kesi yako bado haijafa. Nenda kituoni ukaulize namba ya RB, yaani namba ambayo taarifa yako iliandikiwa katika kitabu cha kituo, jina la mpelelezi, na kama jalada limekwenda kwa wakili wa serikali. Ikiwa hukuandikisha maelezo siku ile kwa sababu ya fujo, andikisha sasa, ukieleza bila kuficha chochote, pamoja na kipigo, kwa sababu wakili wa upande wa pili atakieleza tu, na heri mahakama ilisikie kwako kwanza. Peleka majina mawili au matatu ya watu waliomwona kijana huyo na televisheni kwa macho yao, si waliosimuliwa, na uhakikishe wako tayari kuja siku ya kusikilizwa. Kama umeambiwa ulipie chochote ili jalada lisogee, piga 113 uzungumze na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na kama mpelelezi anakuzungusha, mwone mkuu wa upelelezi wa wilaya, kisha ofisi ya mashtaka ya mkoa. Andika tarehe uliyokwenda na uliyemkuta.

Na televisheni, ichomoe leo. Usiifute vumbi wala kubandua stika. Ifunge, tafuta risiti yake, ipeleke kwa mpelelezi mkiwa na mwenyekiti wa mtaa, mweleze ilikutwa mkononi mwa nani, wapi na saa ngapi, na usiondoke hapo mpaka umeona ikiandikwa na wewe ukatia saini. Watoto watavumilia miezi michache bila tamthilia.